Homa Zote Si Malaria: Kipimo cha Haraka Kinaweza Nini na Hakiwezi Nini

(Mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, mtu wa Majengo akiamka na homa, kichwa kinamgonga na viungo vinamuuma, jina la ugonjwa wake huwa limeshatajwa kabla hajafika hospitali. Jirani atasema ni malaria. Muuza duka la dawa atasema ni malaria. Mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa aliwahi kuugua mara tatu nne, atasema malaria yake anaijua. Atanunua dawa na kujifunika shuka. Akipona, sifa zitaiendea dawa. Asipopona, itasemwa kuwa malaria ya siku hizi ni sugu.

Wiki hii tuzungumze juu ya vipimo vya haraka vya magonjwa hatari ya virusi. Tuulize vinafanyaje kazi, kwa nini vingine tunavyo hadi kwenye zahanati ya kata na vingine hatuna kabisa, na vikipatikana tuviamini kwa kiasi gani. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Linamhusu kila mwenye mtoto anayeweza kushikwa na homa usiku wa leo.

Tuanzie hapa hapa Moshi. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili, yaani KCMC na Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 528, ambao ni 6 katika kila 10, walipolazwa waliandikiwa kuwa wana malaria. Damu ilipochunguzwa kwa makini katika maabara, ilionekana kwamba waliokuwa na homa ya malaria kweli, kati ya wote 870, walikuwa 14 tu.

Je, wengine walikuwa na nini? Wapo waliokuwa na bakteria katika damu. Wapo waliokuwa na homa zinazotoka kwa mifugo, panya na kupe. Na wapo 55 waliokuwa na chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoletwa na mbu. Lakini katika kumbukumbu za kulazwa za wagonjwa wote hao, hapakuwa na hata mmoja ambaye daktari alimwandikia kuwa huenda ana chikungunya, wala homa ya kutoka kwa wanyama.

Tusifanye haraka kuwalaumu waganga. Chikungunya si ugonjwa wa kigeni kwetu. Uligunduliwa nchini mwetu, katika uwanda wa Makonde huko kusini, baada ya mlipuko wa mwaka 1952, na jina lenyewe ni la Kimakonde, likieleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Tatizo ni kwamba mganga hawezi kuona kirusi kwa macho, na homa hizi zote hubisha hodi kwa namna moja. Bila kipimo, mganga hutaja ule ugonjwa anaoufahamu na ambao dawa yake ipo kabatini.

Chikungunya huumiza sana, lakini mara chache huua. Laiti homa zote zisizojulikana zingekuwa hivyo, tungeweza kuliacha jambo hili. Lakini ziko homa nyingine ambazo siku ya kwanza hufanana na malaria, na baada ya wiki moja nyumba nzima iko msibani.

Tazama yaliyotokea Kagera. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza kuwa ugonjwa wa ajabu uliozuka wilayani Bukoba ni Marburg. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa huo kuthibitishwa Tanzania. Kufikia siku ya tangazo hilo watu 5 walikuwa wamekwisha kufa, mmoja wao akiwa mhudumu wa afya. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 2 Juni mwaka huo, waliougua walikuwa 9, na waliokufa 6. Jibu la kuthibitisha lilitoka katika maabara ya taifa ya afya ya jamii, Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwenye kitanda cha mgonjwa.

Marburg ilirudi tena, safari hii wilayani Biharamulo, mkoa huo huo. Katikati ya Januari 2025 Wizara ya Afya ilieleza kuwa sampuli zilizopimwa hazikuonyesha Marburg. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika kuwa nao. Sampuli yake ilipimwa kwanza katika maabara inayohamishika ya Kabaile, huko huko Kagera, kisha ikathibitishwa Dar es Salaam. Hayo yalikuwa maendeleo, kwa kuwa maabara ilisogea karibu na mgonjwa. Hata hivyo, mlipuko ulipotangazwa kumalizika mwezi Machi 2025, hesabu ya wagonjwa ilikuwa 10, na wote walikuwa wamekufa. Waliothibitishwa kwa kipimo walikuwa 2 tu. Wengine 8 walihesabiwa kuwa huenda walikuwa na Marburg, kwa kuangalia dalili zao na watu waliokutana nao. Walizikwa kabla ya kupimwa.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Marburg huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti. Kila siku inayopita bila jibu, mama anamfuta mwanawe jasho, muuguzi anachoma sindano, na ndugu wanaosha maiti. Jibu likija baada ya siku tano, litawakuta hao wote wamekwisha kugusa.

Sasa tueleze maabara hufanya nini. Kipimo kinachoaminika zaidi kwa virusi vya namna hii hutafuta chembe za urithi za kirusi katika damu na kuzizidisha. Kipande kimoja hufanywa viwili, viwili vinne, vinne vinane, na kuendelea hivyo. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja huwa zaidi ya bilioni moja, na hapo mashine hukiona. Ndiyo maana kipimo hiki hakipitwi na kitu kidogo. Lakini kinataka umeme usiokatika, dawa za maabara zinazotunzwa kwenye baridi, mtaalamu aliyefunzwa, na chumba salama ili anayepima asiambukizwe. Huwezi kuweka maabara kama hiyo katika kila kata ya mlimani, kuanzia Marangu mpaka Siha.

Kipimo cha haraka hufuata njia nyingine. Ni kikaratasi kilichofungwa ndani ya plastiki ndogo. Tone la damu hutiwa kwenye kitundu, yakifuatiwa na matone machache ya maji maalumu. Damu hutambaa kwenye karatasi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Njiani hukutana na kingamwili zilizotayarishwa kiwandani na kubandikwa chembe ndogo mno za rangi, mara nyingi za dhahabu. Kama kile kinachotafutwa kimo ndani ya damu, hunaswa pamoja na rangi hiyo, na mstari hujitokeza. Mstari wa pili, ulio mbele zaidi, ni wa kuhakikisha kuwa kipimo chenyewe ni kizima. Usipotokea huo, kipimo kimeharibika, na jibu lake ni la kutupwa. Kazi yote huchukua kama dakika 15 hadi 20, bila umeme.

Kwa UKIMWI tumeshaona kipimo cha namna hii kinaweza kufanya nini. Zamani damu ilichukuliwa, ikapelekwa maabara, na mtu akaambiwa arudi baada ya siku kadhaa au wiki. Wengi hawakurudi. Hofu ilikuwa na muda wa kutosha kuwashinda. Kipimo cha haraka kiliufuta muda huo.

Hapa Moshi, kikundi cha wanawake cha KIWAKKUKI, kilichoanzishwa mwaka 1990 kupambana na UKIMWI mkoani Kilimanjaro, kilianza mwaka 2003 kutoa ushauri nasaha na kupima, mtu akipata majibu siku ile ile. Ada ilikuwa ndogo, kiasi cha shilingi 1,000. Watafiti waliangalia ikawaje ada hiyo ilipoondolewa kwa muda. Wastani wa waliokuja kwa siku ulipanda kutoka watu 4 hadi 15. Ada iliporudishwa, wastani ulibaki kwenye 7, juu kuliko mwanzo. Kwa hiyo dakika 15 ni jambo zuri, lakini bei nayo inasema. Kipimo kisichofikika mfukoni ni sawa na kipimo kisichokuwapo. Tangu hapo tumesonga mbele, na mwaka 2019 Bunge lilirekebisha sheria ili mtu aweze kujipima VVU mwenyewe.

Msikilizaji atauliza: basi kwa nini tusitengeneze cha Marburg na Ebola kwa njia hiyo hiyo? Swali ni zuri. Jibu lake lina sehemu nne.

Ya kwanza ni namna ugonjwa unavyokwenda. Vipimo vya kawaida vya haraka vya VVU hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvamiwa. VVU hukaa mwilini miaka, kwa hiyo askari hao wapo tele, isipokuwa katika wiki za mwanzo za maambukizi. Ebola na Marburg hazisubiri. Mgonjwa anaweza kufa kabla mwili haujatengeneza askari wa kutosha. Ndiyo maana kipimo chake lazima kitafute kirusi chenyewe, au protini zake, ambazo wataalamu huziita antijeni. Nazo siku mbili tatu za mwanzo wa homa huwa chache mno katika damu, na karatasi, tofauti na mashine, haiwezi kuzizidisha. Mtu anaweza kupimwa Jumatatu akaonekana hana, na Alhamisi akaonekana anao.

Ya pili ni kwamba virusi hivi vina koo mbalimbali. Mwezi Septemba 2022 jirani zetu wa Uganda walipata mlipuko wa Ebola ya ukoo uitwao Sudan. Kulikuwa na wagonjwa 142 waliothibitishwa, na 55 kati yao walikufa kabla mlipuko haujatangazwa kumalizika Januari 2023. Vipimo, chanjo na dawa vilivyokuwa vimeandaliwa miaka ya nyuma vilikuwa hasa vya Ebola ya ukoo wa Zaire. Ni kama kuwa na funguo nyingi za mlango usio wako.

Ya tatu ni hesabu, na hii nakuomba uifuate taratibu, maana ndiyo inayowachanganya hata wasomi. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, iliyoua watu zaidi ya 11,000 kati ya 2014 na 2016, Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwezi Februari 2015 kipimo cha haraka kiitwacho ReEBOV, kinachotoa jibu kwa dakika 15. Shirika lilieleza kuwa kiliwatambua sawasawa asilimia 92 ya wenye Ebola, na asilimia 85 ya wasio nayo. Masikioni, hizo ni alama nzuri sana.

Sasa chukua watu 1,000 wenye homa, na tuseme 10 kati yao wana Ebola. Kipimo kitawakamata 9, na mmoja kitamwachia. Katika wale 990 wasio na Ebola, asilimia 15, yaani watu kama 148, wataambiwa kwa makosa kuwa wanayo. Ukiwakusanya wote walioonekana wanayo utapata watu 157, na wenye Ebola kweli humo ni 9 tu. Ukiwalaza wote katika wodi moja ya kutengwa, umewaweka watu 148 wazima karibu na ugonjwa ambao hawakuwa nao. Na yule mmoja aliyeachiwa amekwenda zake nyumbani, moyo wake umetulia, na majirani wanampa mkono.

Hatuna maana kwamba kipimo kile kilikuwa kibaya. Shirika lenyewe lilisema kitumike pale ambapo maabara haipo karibu, na kila inapowezekana jibu lithibitishwe maabara. Na ubora wa kipimo hutegemea ni nani anayepimwa. Kipimo kile kile ukikitumia kwa watu waliomuuguza mgonjwa wa Ebola, ambapo labda nusu yao wameambukizwa, majibu yake ya kuwa wanayo yatakuwa ya kweli kwa wengi wao. Kukipeleka stendi ya mabasi na kumpima kila abiria ni kutafuta ghasia.

Kuna mahali pengine ambapo vipimo hivi hufaa, nalo ni jambo la huzuni. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha haraka cha Ebola kiitwacho OraQuick. Pamoja na kupima damu ya wagonjwa, kinaweza kupima mate ya mtu aliyefariki punde. Familia inayozuiwa kuosha maiti ya mzee wao ina haki ya kujua sababu, na kuijua siku ile ile, kabla ya mazishi.

Sehemu ya nne ni fedha. Marburg ilitambuliwa mwaka 1967, wafanyakazi wa maabara walipougua katika miji ya Marburg na Frankfurt huko Ujerumani, na Belgrade iliyokuwa Yugoslavia, baada ya kushika nyani waliotoka Uganda. Waliugua watu 31, wakafa 7. Zaidi ya nusu karne imepita, na hadi mlipuko wa Biharamulo hapakuwa na kipimo cha haraka cha Marburg cha kuchoma kidole kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani. Linganisha na korona. Chembe zake za urithi zilichapishwa Januari 2020. Mwezi Septemba mwaka huo huo shirika hilo lilikuwa limeidhinisha kipimo cha haraka cha antijeni, na likatangaza mpango wa vipimo milioni 120 kwa nchi maskini na za kipato cha kati, kwa bei isiyozidi dola 5 kimoja. Kumbe miezi tisa inatosha, pale mwenye fedha anapougua. Kiwanda hakijengi mtambo kwa ajili ya wagonjwa 10 wa Biharamulo. Huo ndio ukweli wa biashara, na ndiyo sababu serikali zetu na taasisi zetu za utafiti hazina budi kuchangia na kudai, badala ya kusubiri soko litukumbuke.

Iko njia ya katikati. Mashine ya GeneXpert, ambayo Watanzania wengi waliowahi kupimwa kifua kikuu wamepata kuisikia, huzidisha chembe za urithi ndani ya kifuko kimoja kilichofungwa, kwa muda usiofika saa mbili. Katika Ebola ya mashariki mwa Kongo ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287, mashine hizo zilitumika katika miji ya huko huko, na sampuli hazikulazimika zote kusafiri hadi Kinshasa. Uzuri wake ni kwamba mashine ile ile hupima kifua kikuu leo na kirusi kesho, kwa kubadilisha kifuko. Hapa ndipo mkoa wetu una pa kuanzia. Tuna KCMC yenye uzoefu wa utafiti, na tuna hospitali ya Kibong'oto kule Siha, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ngome ya kifua kikuu. Tuko pia njia kuu: mpaka wa Holili uko jirani, wageni wa mlima hushukia kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro, na mabasi huja kila siku kutoka kila pembe ya nchi. Homa haiombi pasipoti.

Lakini mashine na vikaratasi havitoshi. Kipimo kikiisha muda wake ghalani, hakuna kipimo. Kikitunzwa kwenye joto kupita kiasi, hudanganya. Na kikisema ndiyo, lazima kuwe na mtu wa kupigiwa simu, chumba cha kumtenga mgonjwa, glavu na mavazi ya kumkinga muuguzi, na gari lenye mafuta. Jibu la dakika 15 likifuatiwa na siku tatu za kutafuta gari ni jibu la siku tatu.

Wewe na mimi tufanye nini? Kwanza, tusinunue dawa ya malaria kwa kukisia. Kipimo cha haraka cha malaria kipo, na kimeenea nchini. Pili, kikisema huna malaria, usigombane na mhudumu akupe dawa hivyo hivyo. Muulize: basi nina nini? Kutokuwa na malaria si kutokuwa na ugonjwa. Tatu, mweleze habari zako zote bila kuficha: umesafiri wapi, umechinja au kumzalisha mnyama gani, umemuuguza nani, umetoka kwenye msiba wa nani. Katika magonjwa haya maelezo yako ndiyo kipimo cha kwanza, na ndiyo humwongoza mganga kujua kipimo cha pili kiwe kipi. Nne, ukipimwa siku ya kwanza ya homa ukaambiwa huna kitu, na hali ikazidi, rudi. Jibu lile lilikuwa la damu ya siku ile.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisema pia haraka haraka haina baraka. Katika vipimo hivi methali zote mbili ni za kweli kwa pamoja: jibu la haraka huokoa maisha, ila anayelisoma asiwe na haraka.

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, nakutakia afya njema.